Kapu la Ulezi na Baiskeli ya Baba

Tu-tu-tu-tu-pwii. Tu-tu-tu-tu-pwii. Mpaka leo nikifumba macho naisikia. Ilikuwa mashine ya kusaga ya kitongoji chetu, huku Murusagamba, na hiyo pwii ilitoka kwenye kopo la maziwa ya unga ambalo mwenye mashine alikuwa amelifunika mdomoni mwa bomba la moshi, ili watu wa kilima cha pili wajue kuwa leo inasaga. Mimi nilidhani mashine inaimba. Nilikuwa nimeshamaliza darasa la saba na umri wa kujua kwamba mashine haziimbi ninao, lakini nilikuwa mtu wa kudhani.

Siku moja ikasema tu-tu, ikasita kama mtu aliyesahau jina la mgeni, ikasema tu moja ya mwisho, ikanyamaza. Dizeli imekwisha.

Ulikuwa ule mwaka wakimbizi wamejaa, kambi zimeota juu ya vilima ambako juzi tu watu walikuwa wanachunga mbuzi, na malori ya chakula yanapita barabara kuu bila kupumzika. Malori yale yalikuwa na kiu. Kila tone la dizeli lililofika Ngara lilikuta lori limeshafungua mdomo. Mashine yetu, iliyokuwa inakunywa kidogo kidogo kama bibi harusi, haikuwa na ubavu wa kushindana nayo.

Mwenye mashine alikuwa mzee wa mjini, wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walitoka pwani na biashara zao, wakafika huku kwetu, wakazoea baridi. Sisi tulimwita Mzee wa Mashine. Kila asubuhi alikuja, akafungua kibanda, akaifuta mashine vumbi, akaitazama, akafunga kibanda.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Imelala."

Hivyo tu. Utafikiri anazungumzia mgonjwa.

Kwa uji peke yake tungevumilia. Tungekula ndizi asubuhi, ndizi mchana, na jioni tubadilishe tule ndizi. Shida ilikuwa dada yangu.

Dada alikuwa amepata mchumba, kijana wa Nyamahanga, kule Biharamulo, aliyekuja kwetu kufyatua matofali ya shule, akafyatua na mengine. Watu wake walikuwa wametuma habari: Jumamosi ya wiki ijayo wanakuja kuomba. Sasa, nyumbani kwa Bibi yangu kuna desturi. Wakwe wakija kuomba binti, shangazi wa kijana anakabidhiwa kapu la unga wa ulezi. Unga uwe umesagwa hapo hapo kwa binti, si wa kununua, na kapu lijae mpaka lifanye kichuguu juu. Likipungua, maana yake nyumba inasema, huyu mtoto bado hatujaamua. Bibi alikuwa na rika lake mmoja ambaye kapu lake lilipungua upana wa kidole. Wakwe walishukuru, wakaondoka, na kwa maelezo ya Bibi wanaondoka mpaka leo.

Dada hakulia. Dada yangu si mtu wa kulia. Alianza kufagia. Alifagia uwanja asubuhi, akafagia mchana, akafagia na njia ya kwenda kisimani, mpaka kuku wakakosa pa kuparua wakawa wanazurura kama watu waliofukuzwa kazi.

"Si tusage kwa jiwe," nikasema.

Bibi akanitazama kwa huruma. "Jiwe lipi?"

Ni kweli. Hakukuwa na jiwe. Mashine ilipokuja kitongojini, miaka mingi nyuma, akina mama walifurahi mno hata wakayatoa mawe yao yote ya kusagia kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, yajengewe msingi wa nyumba ya katekista. Walisema hatutayahitaji tena. Walicheza ngoma siku hiyo, Bibi mwenyewe akiwa mbele. Mawe mazuri, laini, yaliyosuguliwa na bibi za bibi, yote yamelala chini ya kitanda cha katekista. Bibi alikuwa analijua la kwake, la tatu kutoka pembeni, upande wa jikoni. Kila Jumapili akitoka kusali alipita hapo, akaligusa, akalisalimia.

Tulikwenda kuomba walau moja. Katekista akatoka, akaushika ukuta kwa mikono miwili kana kwamba tumeshaanza kuvuta.

"Mkitoa moja, mimi na watoto wangu sita tunahamia kwenu," akasema.

Mama akafikiria chakula cha watoto sita. Tukarudi.

Kwenye kinu nako tulijaribu. Ulezi ukiutwanga unaruka nje. Tulitwanga asubuhi nzima, kuku wakashiba.

Hapo ndipo mimi nikadhani tena. Nilikuwa nimemwona gulioni fundi wa kunoa visu. Anaisimamisha baiskeli juu ya stendi, ananyonga, gurudumu linazunguka bila kwenda popote, mkanda unazungusha jiwe la kunolea, cheche zinaruka. Nikamwambia Mzee wa Mashine: kama baiskeli inanoa kisu, inashindwaje kusaga ulezi?

Alifunga kibanda, akakifungua tena. Kisha akasema, "Nina kinu cha chuma cha marehemu baba yangu, kile kidogo cha kuzungusha kwa mkono. Alikuwa anasagia kahawa. Kiko stoo kinakula vumbi tu." Macho yake yalikuwa yameanza kung'aa, na nikajua sasa tuko wawili tunaodhani.

Baba ndiye aliyekuwa mgumu. Baiskeli yake nyeusi aliipenda. Aliifuta kila jioni, na ukiigusa kengele bila ruhusa alisikia hata akiwa shambani.

"Baiskeli yangu si ng'ombe wa kulimia," akasema.

Dada akapita na ufagio, akifagia mahali alipokuwa ametoka kufagia. Baba akamtazama. Akainuka, akaleta baiskeli.

Walifunga kinu kwenye kigogo, wakavua tairi la nyuma, wakapitisha mkanda uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa gurudumu la lori, moja katika yale yaliyotunyima dizeli, nami nikaona hiyo ni haki. Baba akapanda awe wa kwanza. Akanyonga. Mkanda ukakaza, kinu kikalia krrr, unga kijiko kimoja ukatoka, watu wakapiga vigelegele. Baba akasikia vigelegele, akaongeza mwendo. Stendi ikakatika. Ringi ikagusa ardhi, na Baba yangu, mtu mzima, akaondoka uwanjani kwa kasi akiburuza kinu, kigogo na mkanda, akapita katikati ya maharage ya Mama, akasimama kwenye mgomba.

Mzee wa Mashine alimkimbilia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kinu, akakipapasa. "Hakijavunjika, alhamdulillahi."

"Na mimi sijavunjika," Baba akasema kutoka kwenye maharage.

Safari ya pili baiskeli ilifungwa kwa kamba kwenye nguzo za kibanda cha kuni, mbele na nyuma, kama fahali anayechinjwa. Haikwenda popote. Na ilisaga. Nawaambia ilisaga. Unga ulitoka mwembamba, wa joto kidogo, wenye harufu ile. Mama alitia kidole akaonja akafumba macho. Habari zikapanda vilima, na wanaume wakaja kusaidia, maana hakuna mwanaume wa kwetu anayesikia kuna kitu cha kunyonga akabaki kwake.

Sasa hapa ndipo penye kosa, na kosa lenyewe ni letu, huwezi kulikuta kwingine. Kwetu anayefanya kazi ya kitu lazima akionje kwanza. Anayevuna maharage anakula maharage. Wanaokamua ndizi kwa ajili ya pombe wananywa kwanza ile juisi tamu. Ukimfanyisha mtu kazi bila kumwonjesha, umemfanya punda. Kwa hiyo anayesaga ulezi anakunywa uji wa ulezi. Hakuna aliyeuliza wala kubisha. Mama aliinjika sufuria kubwa hata kabla ya mtu wa kwanza kushuka.

Mtu akinyonga baiskeli nusu saa anasikia njaa. Na uji wa ulezi ni mtamu. Mmoja alikunywa vibuyu vitatu, akasema amepata nguvu, akapanda tena, akashuka, akanywa viwili. Walikuja kumi na moja siku ile.

Kapu letu lilikuwa limefumwa na mistari mitano myeusi kulizunguka, mmoja juu ya mwingine. Jumatatu jioni unga ulifika mstari wa kwanza. Jumanne wakasaga tangu asubuhi, jasho linawatiririka, nyimbo zinaimbwa, mmoja suruali ikapasuka nyuma akaendelea hivyo hivyo kwa ushujaa. Jioni tukatazama. Unga ulikuwa chini ya mstari wa kwanza.

"Umeshuka," Dada akasema.

"Umejishindilia," Baba akasema, lakini hakumtazama usoni.

Mimi, niliyekwenda shule, nilichukua kijiti nikachora chini. Kinachosagwa huku. Kinachonywewa huku. Nikafuta haraka kabla Dada hajaona.

Mzee wa Mashine peke yake ndiye ambaye hakunywa uji, alikuwa na tumbo la vidonda. Yeye alitaka chai tu. Lakini alitaka yenye sukari, na sukari ilikuwa imekwenda ilikokwenda dizeli.

"Wapunguzieni vibuyu," nikamwambia Mama.

"Nimwambie mgeni wa kazi ameshiba? Mimi? Niseme kwa mdomo huu?"

"Basi tuwaambie wasije."

Mama akashika kiuno. "Watu wanatusaidia, wewe unataka tuwafukuze."

Jumatano ikaja, na pamoja nayo akaja mama mmoja mkimbizi. Alitoka kambini na mtoto mgongoni na mahindi ya njano kwenye kitenge, yale wanayogawiwa mazima mazima bila mtu kufikiria watayasagia wapi. Alikuwa amesikia kuna mashine isiyotaka mafuta. Alisema kwa Kirundi, ambacho sisi tunakisikia kama Kihangaza chetu kilichotoka safari. Akakaa kwenye jiwe akisubiri zamu, akawatazama wanaume wale wanavyopanda na kushuka na kunywa. Alitazama muda mrefu, mwisho akaniuliza taratibu, "Hawa wanasaga ili wanywe, au wanakunywa ili wasage?"

"Wanamsagia dada yangu. Wakwe wanakuja Jumamosi."

Akafunika mdomo kwa kitenge. Mabega yakawa yanatikisika. Nikaanza na mimi. Tulicheka mpaka mtoto akaamka.

Zamu yake ilipofika alinifungia mimi mtoto mgongoni, akakunja kitenge, akapanda. Alinyonga sawasawa, bila nyimbo, bila kuongeza mwendo mtu akimtazama, akamaliza mahindi yake kabla wanaume hawajamaliza kubishana nani anafuata. Hakuomba uji. Alikuwa anafunga unga wake aondoke. Mtoto alikuwa mwepesi mgongoni kwangu, mwepesi kuliko anavyotakiwa kuwa mtoto. Nikaingia ndani. Nikachota kwenye kapu la Dada kibuyu kimoja kilichojaa, nikamfungia kwenye jani la mgomba, nikatoka nikampa pamoja na mtoto wake. Kuonja ni kuonja, nikasema moyoni, hata yeye amefanya kazi.

Nilipogeuka Dada alikuwa mlangoni.

"Umempa kwenye kapu?"

"Kidogo."

"Kibuyu kile kikubwa?"

"Kile kikubwa."

Akalitazama kapu. Akamtazama yule mama anavyopanda njia na mtoto wake. "Ungempa na chumvi," akasema, akachukua ufagio.

Kuanzia hapo nikawa naamka alfajiri kabla wasaidizi hawajafika, nanyonga mwenyewe. Msichana wa nyumbani hahesabiwi kuwa ni mtu wa kazi, kwa hiyo hakuna wa kunionjesha, na mimi sikujionjesha. Nilikuwa mfupi, pedeli ikifika chini mguu wangu unabaki hewani unaisubiri irudi. Nikawa nanyonga huku naota: vilima vyote vya Ngara vina baiskeli zilizofungwa kwenye nguzo, taa zinawaka, redio zinaimba, malori yanapita na dizeli yao na hakuna anayeyatazama. Ijumaa jioni kapu lilikuwa mstari wa nne. Kwenye gunia ulezi umebaki wa kusagwa mara moja tu. Wanaume wakasema tusijali, kesho watakuja wote wamalizie, na Mama, kwa uso wa mtu anayetia saini, akaenda kutafuta kuni za uji.

Lakini Jumamosi wakwe walifika kabla ya wasaidizi. Walifika asubuhi mno, maana hawakuja na gari. Magari ya abiria yalikuwa yamesimama. Walikuja kwa baiskeli nne kutoka Nyamahanga, siku mbili, wakilala kwa ndugu njiani, usiku wa mwisho hapo kilima cha jirani: mchumba mwenyewe, kaka zake watatu, na shangazi yao, mama mnene mwenye mwavuli mwekundu, aliyebebwa kwenye keria ya baiskeli ya mchumba njia nzima. Tuliwaona wanasukuma kwenye kilima cha mwisho. Dada akaingia ndani. Ufagio akaingia nao.

"Shikamoo mama," shangazi akamwamkia Bibi, bado amesimama.

"Marahaba mwanangu. Karibuni. Kaa, upumzike."

"Kukaa naomba unisamehe. Siku mbili nimekaa juu ya chuma kama gunia la maharage. Huku nyuma si kwangu tena."

Bibi akacheka, akaona kuwa huyu ni mtu. Wakaletewa maji, na mbuzi akaanza kushughulikiwa. Mama alikuwa jikoni ananong'ona: wale wasaidizi wakija watakunywa, wasipokuja hatumalizi. Mimi nilikuwa nalitazama kapu.

Ndipo mmoja wa kaka akaiona baiskeli iliyofungwa kwenye nguzo.

"Hii imefanya kosa gani?" akauliza.

Baba, ambaye aibu ilimshika, akaeleza kwa kifupi. Kosa. Vijana wote wanne walishainuka. Yule wa kwanza akapanda hata kabla Baba hajasema wageni hawafanyi kazi, mwingine akamwaga ulezi, wa tatu akasema wewe huwezi, shuka. Baba akamgeukia Bibi, amechanganyikiwa. Mgeni kusaga unga wa kapu lake mwenyewe! Na wakishuka, lazima waonjeshwe.

Bibi alifikiri. Niliona anavyofikiri, midomo inatembea. Kisha akasema, kwa sauti ya kukata shauri, "Mgeni hafanyi kazi. Hawa wanacheza. Anayecheza haonjeshwi."

Mama akatoa kichwa jikoni. "Hata kidogo?"

"Umewahi kumwonjesha mtu aliyecheza mpira?"

Sufuria ya uji ikaepuliwa.

Walicheza. Mungu wangu, walicheza vile. Walipokezana wakisukumana, na walinyonga kwa fujo mno hata unga ukawa unatoka kinuni kama moshi, ukawajaa kwenye nyusi. Kisha shangazi akafunga mwavuli.

"Shukeni. Siku mbili mnaninyonga mimi, leo nanyonga mimi."

"Shangazi, utaanguka."

"Niangukie wapi? Imefungwa."

Wakampandisha, wawili wakimwinua, mmoja akishika kiti. Hakukaa, alisimama juu ya pedeli, kanga imekazwa, na akawa anapanda na kushuka taratibu kama anayepanda ngazi ya kanisa, huku anamsimulia Bibi habari za mvua ya Biharamulo. Punje ya mwisho ya ulezi ilisagwa chini ya miguu yake. Dada alikuwa anachungulia dirishani na kwa mara ya kwanza katika siku kumi nikamwona amecheka, amefunika meno kwa mpini wa ufagio.

Mbuzi akaiva. Wote wakaitwa ndani, na wasaidizi waliokuta kazi imekwisha, na Mzee wa Mashine naye, aliyekuwa amefika akiwa na sukari yake mfukoni. Mimi nikaachwa nje nimalizie kulijaza kapu.

Nikamimina unga wote. Ukapita mstari wa tano, ukafika ukingoni, ukasimama hapo, bapa kama meza. Kichuguu hakuna. Nikatikisa gunia, likatoa vumbi. Nikagonga kinu, kikatoa punje moja.

Ndani watu walikuwa wameanza hotuba. Nilisikia Baba anakohoa kwa heshima.

Nikachukua unyoya wa kuku na chekeche dogo. Nikaanza kupangusa unga kwenye spoki, moja moja. Nikafuata kiti, pedeli, kengele aliyoipenda Baba, kisha nguzo zote za kibanda, kisha mikunjo ya mwavuli wa shangazi aliouegesha pale. Makoti ya wale kaka watatu yalikuwa yametundikwa kwenye mti, yamejaa unga, nikayakung'uta juu ya jani la mgomba, mabega na mifuko. Nikachekecha mara mbili. Nyuzi mbili za koti zikabaki kwenye chekeche, na mchwa mmoja, nikamwacha aende.

Nikaumwaga katikati ya kapu, nikautengeneza kwa viganja kidogo kidogo mpaka ukachongoka. Nikaufunika kwa jani bichi, nikaenda kunawa mikono.